Modeli ya boksi si pambo la mezani

Watu wengi wanaojenga Moshi na Arusha wanaamini kwamba modeli ya nyumba hutengenezwa ramani ikishakamilika, ili mwenye nyumba aone itakavyopendeza. Imani hiyo ina msingi, kwa sababu modeli tunazoziona zimewekwa ndani ya vioo ni za aina hiyo hasa.

Ila ipo nyingine, ya kujifunzia. Msanifu huikata mapema kwa boksi, wembe na gundi, akaibomoa na kuikata upya. Haihitaji rangi, wala kompyuta haijaiondoa kazini: ukuta unaoung'oa kwa vidole unakuonyesha papo hapo chumba kimebadilikaje.

Unaweza kulihakiki hili mwenyewe. Kwa skeli ya 1:50, mita 1 ni sentimita 2, hivyo chumba cha mita 4 kwa 3 ni sentimita 8 kwa 6. Kitanda cha futi 6 kwa 5 kikate karibu sentimita 3.7 kwa 3, kisha ukisogeze humo; utaona haraka kama mlango utafunguka.

Halafu kuna jua, na hapa ndipo ninapoipenda zaidi. Mjini Moshi, dirisha la kutazama Kilimanjaro huelekea kaskazini, na mwezi Juni jua la mchana huwa upande huohuo; Desemba huhamia kusini. Toa modeli uani saa sita mchana, igeuze ielekee kama kiwanja chako kilivyo, uangalie kivuli cha paa kinaishia wapi. Kikiwa kifupi kisilifunike dirisha, ongeza kipande cha boksi kwenye ukingo wa paa.