Je, wajua kwa nini mkate hukakamaa upesi zaidi ndani ya friji?

Mwaka juzi nilioka mikate miwili nyumbani Tabora ya kumpelekea shangazi yangu Ujiji. Kilo moja ya unga wa ngano, hamira, maziwa, chumvi na sukari kiasi. Sufuria nzito, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Safari ikasogezwa mbele siku mbili. Kwa kuwa nilijiona mjuzi, ule mkate uliopendeza niliufunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni nikauweka kwenye friji. Mwenzake, ulioinuka upande mmoja kama kofia iliyokaliwa, ulikosa nafasi. Nao nikaufunga mfukoni, nikauacha kabatini.

Kule Ujiji, baada ya shikamoo na marahaba, shangazi alianza na ule wa friji. Kisu kilishuka kwa kusitasita, makombo yakatapakaa mezani. Akaigeuza slesi mkononi, akaniuliza, “Mwanangu, mkate huu uliuoka kabla reli haijafika au baada?” Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Kisha akakata ule uliopinda, na ulikuwa laini.

Nilikuwa nimeamini, kama watu wengi wanavyoamini, kwamba mkate hukakamaa kwa sababu maji yake yamekwenda. Ukishashika imani hiyo, friji ni jibu la wazi: pana ubaridi, maji hayapotei upesi, mkate utabaki laini. Nilipoona umekakamaa, sikuitupa imani, niliirekebisha tu. Nikasema friji imenyonya maji. Hadithi hiyo inaingia akilini, maana kila mtu amewahi kuona mchicha ulionyauka kwenye friji.

Kasoro yake ni mizani. Niliporudi Tabora nilioka tena, nikapima mkate ukiwa umefungwa mfukoni, nikauweka kwenye friji siku tatu, nikaupima tena. Ulipungua gramu mbili. Mkate wa zaidi ya gramu mia sita umepoteza maji ya kijiko kisichojaa, na bado umekakamaa kama umeachwa juani. Gramu mbili haziwezi kubeba lawama yote hiyo.

Kumbe swali hilo lilikwisha kuulizwa zamani. Mwaka 1852 mkemia Mfaransa, Jean-Baptiste Boussingault, alionyesha kwamba mkate hukakamaa hata pale maji yake yanapozuiwa kutoka, na kwamba mkate uliolala ukipashwa moto hurudia ulaini. Jambo hilo la pili ndilo linaloiangusha kabisa hadithi ya ukavu. Moto huongeza ukavu. Kama mkate ungekuwa umekakamaa kwa kukosa maji, kuupasha kungeuharibu zaidi. Badala yake unalainika, huku ukiwa umepoteza maji mengine zaidi ya yale ya mwanzo.

Sisemi kwamba mkate haukauki. Acha slesi wazi kwenye sahani huku Tabora mwezi wa Septemba, hewa ikiwa kavu, na jioni utakuta kitu cha kupigilia misumari. Ila hayo ni mambo mawili tofauti, na mkono unaweza kuyatenganisha. Slesi iliyokauka kweli huvunjika kwa mlio kama biskuti, na ukiipasha inazidi kuwa biskuti. Slesi iliyokakamaa hupinda kama ngozi na kumomonyoka katikati, na ukiipasha inalainika. Sisi tumeyapa yote mawili jina moja, “mkate mkavu,” na nadhani nusu ya kosa langu lilitoka kwenye jina hilo.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye kila jiko, na nilikuwa nikiula bila kuuona. Chukua wali wa kiporo. Jioni ulikuwa laini. Asubuhi punje ni ngumu, zimeshikana. Je, umekauka? Funua sufuria: matone ya maji yananing'inia chini ya mfuniko. Upashe, unalainika. Ugali nao ni hivyo hivyo, bonge la jana unaweza kulikata kwa kisu kama kipande cha sabuni na bado kiganja kikabaki na unyevu. Hakuna anayesema ugali umekauka. Tunasema umelala. Mkate nao hulala, na kinacholala ni wanga.

Unga wa ngano kwa sehemu kubwa ni wanga, yaani minyororo mirefu iliyofungwa ndani ya punje ndogo mno. Iko ya aina mbili: amilosi, ambayo imenyooka kama kamba, na amilopektini, ambayo ina matawi kama mwembe. Ndani ya punje za unga mbichi matawi hayo yamepangwa kwa mistari, yamebanana, na maji baridi hayapenyi. Mkate ukiiva na kupita nyuzi joto 60 hivi, mistari inavunjika, punje zinavimba, maji yanaingia kila mahali. Ulaini wa mkate wa moto ni huo mvurugiko.

Fikiria behewa la treni ya Tabora kwenda Kigoma wakati wa kupanda. Watu wamesimama ovyo, mabegi katikati, mtoto anapita huku, ndoo ya asali inapita kule. Hakuna mstari. Huo ni mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Treni inapita Urambo, inapita Kaliua, usiku unaingia na ubaridi wake. Taratibu watu wanajipanga bega kwa bega. Hakuna aliyeshuka, hakuna begi lililotupwa nje ya dirisha, ila sasa huwezi kupita. Wanga ukipoa hufanya hivyo hivyo, minyororo inarudi kwenye mistari, na sehemu ya maji inafungwa katikati ya mistari hiyo. Maji yapo ndani ya mkate, mizani inayaona, lakini ulimi hauyapati.

Wa kwanza kukaa ni amilosi, kwa saa chache tu. Nao wana faida: ndio wanaoupa mkate umbo. Ukikata mkate ungali wa moto unavutika na kuganda kwenye kisu kwa sababu hawa bado hawajakaa. Wa amilopektini, wenye matawi, huchukua siku kadhaa, na ndio wanaokuletea mkate wa juzi.

Sasa friji. Ili abiria wajipange kunahitajika mambo mawili yanayovutana: hamu ya kukaa, na nafasi ya kusogea. Kwenye joto kali hamu haipo, kila mtu anacheza. Kwenye joto la kawaida la nyumba hamu ipo lakini ndogo, kwa hiyo kazi inakwenda polepole. Kwenye friji, nyuzi 4 hivi, hamu ni kubwa na maji bado ni maji, hayajaganda, kwa hiyo kila mnyororo unaweza kuteleza hadi kwenye nafasi yake. Ungetaka kutengeneza mashine ya kukakamaza mikate, ungeishia na kitu kinachofanana sana na friji ya nyumbani.

Jambo la ajabu ni kwamba ukiendelea kushusha joto, balaa inakoma. Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, maji yameganda na behewa limefungwa kwa kufuli: kila abiria anabaki pale alipo, amesimama mguu mmoja kama ndivyo alivyokuwa. Mkate uliokatwa slesi ukafungwa vizuri na kugandishwa siku ile ile ya kuoka, kisha ukapashwa moja kwa moja bila kuachwa uyeyuke kwanza, unakaribia sana ule wa asubuhi. Umeme ukikatika saa nyingi, mambo yanageuka, kwa sababu mkate unapita polepole kwenye ule ukanda mbaya wa nyuzi sifuri hadi kumi.

Kigoma, kwa joto lake la ziwani, ni mahali pazuri pa kuhifadhi ulaini wa mkate, na pabaya pa kuhifadhi mkate wenyewe. Unachelewa kukakamaa lakini ukungu unauwahi, hasa masika. Hapo friji ina hoja, kwani ukungu huenda polepole kwenye ubaridi. Kwa hiyo mtu anayeweka mkate kwenye friji hajakosea moja kwa moja. Amechagua ugumu badala ya ukungu, ila mara nyingi hajui kwamba amechagua.

Ukishakakamaa, mistari ya amilopektini huvunjika tena kwenye nyuzi 60 hivi, na jiko lolote linafika hapo. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100, na bado mvuke wake unatosha na kubaki. Nyunyizia mkate maji kidogo, uweke juu ya chujio kwenye sufuria ya maji yanayochemka, funika dakika tano. Mzee anayechovya mkate kwenye chai ya moto anafanya kitu kile kile kwa ufupi. Ila ule upesi: ukipoa mara ya pili, unakakamaa haraka kuliko mara ya kwanza.

Vipi kuhusu asali ya Tabora na mawese ya Kigoma? Sukari za asali hushika maji, na mafuta huchelewesha ukakamavu. Ndiyo maana keki na maandazi ya maziwa huvumilia kuliko mkate wa unga, maji na chumvi. Mafuta hufanyaje hasa, maelezo yako zaidi ya moja, na hata mchango wa gluteni, ile protini ya ngano inayoufanya unga uvutike, wanasayansi bado wanaubishania. Mimi nimejaribu vijiko viwili vya asali katika mikate minne. Ilinoga, na ilionekana kubaki laini siku moja zaidi, lakini mikate minne iliyoliwa na watu walioambiwa kwamba ina asali si utafiti.

Mkate wa dukani ndio unaotudanganya zaidi. Soma ubavuni mwa mfuko. Mara nyingi utakuta E471, aina ya mafuta yanayojishikiza kwenye amilosi, na viwanda vingi huongeza vimeng'enya vinavyokata yale matawi ya amilopektini yasiweze kupangana vizuri. Mkate kama huo hukaa kwenye friji bila kuonyesha madhara mengi, tukadhani kila mkate uko hivyo.

Haya yote nilimweleza shangazi kwa simu, pamoja na behewa na abiria. Alinisikiliza hadi mwisho. Mkate wake bado anauweka kwenye friji. Anasema humo haupandwi na sisimizi.