Moshi mweusi sio unaonitisha zaidi chini ya mgodi

Kazi yangu ni hewa tu, kwenye mgodi wa dhahabu huku Kanda ya Ziwa. Juzi kati shifti ya usiku nikakuta loda, mashine ya kupakia mawe, ya kilowati 250 inapakia, na dampa, lori la kuyabeba, la kilowati 300 linasubiri nyuma yake injini inawaka. Operata wa loda akaniambia "mkuu leo hewa safi, hata moshi hauonekani". Nikaweka mkono kwenye mdomo wa dakti, lile bomba la kuleta hewa, upepo kidogo mno, nikaifuata kurudi nyuma mpaka nikakuta imechanika, tundu la kupitisha kichwa, feni inanguruma na hewa yote inaishia palepale.

Hesabu wanayotumia wengi ni mita za ujazo 0.06 za hewa kwa sekunde kwa kila kilowati ya injini. Loda ile 15, dampa 18, jumla 33. Hapa ndo watu wanakosea, wanapigia hesabu mashine inayopakia peke yake halafu dampa lililo kwenye foleni wanalisahau, wakati yote yanagombania hewa ileile.

Na hayo mambo ya "moshi hauonekani" jamani tuyaache. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, inashika damu pale oksijeni ilipotakiwa ikae, kichwa kinagonga unadhani joto. Masizi nayo mengi hayafiki hata mikroni 1, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita, yanazama mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, iliweka moshi wa dizeli kundi la 1, yaani unaleta kansa ya mapafu, na mwaka huohuo Marekani walitoa utafiti kuhusu moshi huohuo kwa wafanyakazi zaidi ya 12,000 wa migodi 8. Barakoa ya vumbi inasaidia kwenye masizi ikikubana vizuri usoni, gesi inapita kama haipo. Hata katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, inapunguza kaboni monoksaidi sawa, ila nyingine zinaongeza naitrojeni dayoksaidi, kwa hiyo usifunge tu ukaacha kupima.

Kipimo changu kilisoma kaboni monoksaidi ppm 58, yaani sehemu 58 kwa kila sehemu milioni za hewa, na kikomo chetu cha shifti ni 30. Nikazimisha zote mbili, watu wakatoka kwenda kwenye hewa safi, tukabadilisha kile kipande cha dakti. Operata akakaa kwenye jiwe, akasema kichwa kinamuuma tangu Jumatatu, alikuwa anameza panado na kurudi kwenye loda.