Taekwondo yako imetoka kwa nani? Fomu ya kwanza itakuambia

Ukitaka kujua ukumbi wa taekwondo umerithi mkono wa nani, mwombe mwanafunzi wa mkanda wa njano akuoneshe fomu ya kwanza aliyofundishwa, ile ambayo watu wa karate huiita kata. Akicheza Chon-Ji, hiyo ni nyumba ya Jenerali Choi Hong Hi. Akicheza Taegeuk Il Jang, ni nyumba ya Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyoko Seoul. Na ukumbi ukijiita wa Tang Soo Do, sanaa ya Kikorea iliyo ndugu wa taekwondo, baada ya fomu chache za msingi utaona zile za Pyong Ahn, urithi wa mwalimu Hwang Kee. Picha ya mwasisi ukutani hubadilishwa kwa msumari mmoja. Namna mtu anavyokanyaga huchukua miaka kubadilika.

Nianze na jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi. Taekwondo mara nyingi hutangazwa kuwa na miaka 2,000. Mateke ya Kikorea yana historia ndefu kweli, maana mchezo wa taekkyon ni wa zamani, lakini shule zilizozaa taekwondo tunayoijua zilifunguliwa miaka ya 1940, nyingi zikiongozwa na watu waliosomea karate Japani. Lee Won Kuk, aliyefungua shule ya Chung Do Kwan mwaka 1944, alikuwa mwanafunzi wa Gichin Funakoshi, mwalimu aliyeeneza karate Japani. Ro Byung Jick wa shule ya Song Moo Kwan vivyo hivyo. Hizo Pyong Ahn ni zilezile Heian za Wajapani, zilizotungwa na Itosu, mwalimu wa karate wa Okinawa. Maandishi ni yaleyale, yanasomwa tu kwa Kikorea. Kulisema hili hakuwapunguzii heshima waasisi. Bila kulijua, huwezi kuona walichobadilisha wao wenyewe.

Choi alizaliwa mwaka 1918 katika eneo ambalo leo ni Korea Kaskazini, akajifunza karate akiwa mwanafunzi Japani, kisha baada ya ukombozi wa 1945 akawa afisa katika jeshi la Kusini. Jeshi ndilo lililompa nguvu ambayo walimu wengine hawakuwa nayo: vijana wengi, nidhamu, na amri. Mwaka 1953 aliongoza Divisheni ya 29 kisiwani Jeju, na mkufunzi wake mkuu alikuwa Nam Tae Hi. Naona jina la Nam Tae Hi linasahaulika isivyo haki. Katika onyesho mbele ya Rais Syngman Rhee wa Korea Kusini alivunja vigae 13 vya paa kwa ngumi moja, na fomu za mwanzo, Hwa-Rang na Choong-Moo, zina jasho lake. Jina taekwondo lilipitishwa Aprili 11, 1955, na lilichaguliwa kwa makusudi lifanane kwa sauti na taekkyon. Shirikisho la Choi, ITF, lilizaliwa Seoul Machi 22, 1966.

Fomu zake, yaani tuli, ni 24, kama saa za siku moja, na idadi ya miondoko mara nyingi ina maana. Hwa-Rang ina miondoko 29 kwa ajili ya ile divisheni. Yul-Gok ina 38, latitudo ya alikozaliwa mwanazuoni wa Kikorea mwenye jina hilo. Joong-Gun ina 32, umri wa Ahn Joong-Gun, kwa hesabu ya Kikorea, aliponyongwa mwaka 1910 baada ya kumuua kiongozi wa Kijapani Ito Hirobumi. Mwanafunzi asiyejua haya anahesabu hatua tu.

Chon-Ji ina miondoko 19. Nusu ya kwanza ni kinga ya chini na ngumi katika msimamo wa kutembea. Nusu ya pili ni kinga ya kati katika msimamo wa L, ikifuatwa na ngumi. Msimamo wa kutembea wa Choi una vipimo: urefu ni upana wa mabega mara moja na nusu, kutoka kidole gumba cha mguu mmoja hadi cha mguu mwingine, na upana ni wa mabega kamili, uzito nusu kwa nusu. Msimamo wa L hubeba asilimia 70 mguu wa nyuma. Lazima umalize pale ulipoanzia, kwa hiyo chora alama ya chaki sakafuni. Ukiikosa, sababu huwa ni moja kati ya mbili. Ya kwanza, umefupisha msimamo wa L kwa sababu paja la nyuma limechoka. Ya pili, ulipogeuka nyuzi 180 hukuvusha mguu upande wa pili kwa upana wa mabega, ukajikuta umesimama kama mtu aliye juu ya kamba. Hapo hata msukumo mdogo wa pembeni unakuangusha.

Alama kubwa zaidi ya Choi ni wimbi la mwili. Kutoka msimamo mmoja hadi mwingine, kwanza legeza magoti, mwili ushuke kidogo. Mguu wa nyuma unapopita karibu na wa mbele, mwili unapanda. Unapokanyaga, mwili unashuka, na ngumi inafika pamoja na mguu, kwa pumzi moja fupi. Hoja yake ilikuwa ya fizikia: uzito wote wa mwili uanguke pamoja na pigo. Kosa la kawaida ni kunyoosha goti la mguu unaobeba mwili pale katikati. Ukilinyoosha unarukaruka, unagandia juu, kisha mguu unatua kabla ya ngumi, na uzito uliotaka kuupeleka kwenye ngumi unaishia sakafuni. Mimi huwaambia wanafunzi wabaki na wimbi dogo. Likionekana kutoka mwisho wa ukumbi, limezidi.

Wimbi hilo lina faida nyingine: linakupa tarehe. Choi alilisisitiza katika miaka yake ya baadaye. Walimu waliosambaa mapema, kama Jhoon Rhee aliyefika Marekani mwaka 1956, walifundisha tuli hizohizo bila wimbi, nyonga zikizunguka kama kwenye karate. Kwa hiyo Chon-Ji isiyo na wimbi si lazima iwe imeharibika. Huenda ni ya zamani tu. Kipimo kingine kiko kwenye fomu za mikanda myeusi. Choi alikosana na serikali ya Rais Park Chung-hee wa Korea Kusini, akahamia Kanada mwaka 1972, na mwaka 1980 akapeleka timu yake Korea Kaskazini. Baadaye fomu ya Ko-Dang, yenye jina la heshima la Cho Man Sik, mzalendo aliyewapinga wakomunisti, iliondolewa na mahali pake pakawekwa Juche, jina la itikadi ya Korea Kaskazini. Ukumbi unaofundisha Ko-Dang ulirithi mpangilio wa kabla ya hapo. Choi alifariki Pyongyang Juni 15, 2002.

Hwang Kee alichagua njia nyingine. Alifungua shule ya Moo Duk Kwan mwaka 1945, na shule zilipounganishwa chini ya jina moja la taekwondo alikataa, ingawa wanafunzi wengi walimwacha. Mwaka 1957 alikuta kitabu cha kijeshi cha Kikorea cha 1790, akaanza kujenga mtindo wake upya juu ya subak, sanaa ya kale ya mapigano ya Kikorea. Wafuasi wake huvaa mkanda wa buluu iliyokolea mahali ambapo wengine huvaa mweusi.

Kukkiwon ilifunguliwa mwaka 1972 chini ya Kim Un-yong, na shirikisho la dunia, leo World Taekwondo, likafuata 1973. Hapa msimamo ni mrefu au mfupi bila wimbi: ule mfupi ni kama hatua ya mtu anayetembea, ule mrefu huweka karibu theluthi mbili za uzito mbele. Ndiyo njia iliyofika Olimpiki, kwa maonyesho 1988 na kwa medali rasmi Sydney 2000. Vifaa vya kielektroniki vilipoingia London 2012, teke la mguu wa mbele likawa kama upanga wa kupima umbali, kwa sababu alama zinatokana na kugusa panapotakiwa kwa nguvu ya kutosha. Teke la mwili ni alama 2, la kichwa 3, na la kuzunguka likifika kichwani ni 5. Ngumi ni 1 tu, na hapo ndipo mikono iliposahaulika.

Kwa hiyo kabla ya kulipia mtihani wa mkanda mweusi, uliza cheti kinatolewa na nani. Tangu Choi afariki kuna makundi kadhaa yanayotumia jina la ITF, na kila moja lina orodha yake. Ndoto yako ikiwa ni Olimpiki au Paralimpiki, njia ni ya World Taekwondo: ndiyo aliyopita Faith Ogallo wa Kenya hadi Tokyo, na Parfait Hakizimana, Mrundi aliyekuwa akifundisha taekwondo katika kambi ya wakimbizi ya Mahama, Rwanda.