Vipimo vya Afya vya Kuingia Jeshini: Usiache Dawa Ili "Kusafisha Damu"

Kila nafasi za jeshi zinapotangazwa, sisi wauguzi huanza kupokea vijana wa aina moja. Wiki mbili nyuma walikuwa wazima, leo wameletwa wamebebwa. Mwenye kifafa ameanguka mara tatu tangu alfajiri. Mwenye pumu hamalizi hata sentensi moja bila kutafuta pumzi. Nikiuliza dawa zao ziko wapi, jibu halibadiliki: "Niliacha, ili vipimo vitoke safi." Maswali haya ndiyo wanayoniuliza, wao na wazazi wao.

Huko wanapima nini hasa?

Kila jeshi lina kanuni zake, ila mambo ya msingi hufanana. Utapimwa urefu, uzito, presha na mapigo ya moyo. Macho yatapimwa kwa kuona mbali na kwa kutambua rangi, kwenye vile vibao vya nukta za rangi vyenye tarakimu ndani yake. Masikio na meno pia. Kisha utabaki na nguo ya ndani, utembee, uchuchumae, usimame kwa vidole vya miguu, ukohoe huku mpimaji akigusa kinena kutafuta ngiri. Mkojo huangaliwa sukari, protini, damu na dawa za kulevya, na kwa wasichana ujauzito pia. Damu huangaliwa wingi wake, VVU, homa ya ini aina ya B na kaswende. Picha ya kifua hutafuta kifua kikuu. Na kuna maswali kuhusu magonjwa uliyowahi kuugua. Hayo nayo ni kipimo.

Nikiacha dawa wiki chache kabla, si vipimo vitatoka safi?

Hapana. Narudia, kwa sababu swali hili naulizwa kuliko mengine yote: hapana. Usiache dawa.

Chukua VVU. Kipimo cha haraka hakitafuti dawa kwenye damu yako, kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulizitengeneza dhidi ya virusi. Kuacha ARV hakuzifuti hizo kingamwili. Kinachobadilika ni virusi vyenyewe: ndani ya wiki chache huanza kuongezeka tena, vinaweza kuzoea dawa, na wewe uliyekuwa humwambukizi mwenzi wako kwa sababu virusi vilikuwa havionekani tena, sasa unaweza kumwambukiza. Umepoteza kinga na majibu ni yale yale.

Kisukari na presha ni ajabu zaidi, maana ukiacha dawa vipimo vinazidi kuharibika. Sukari inapanda hadi inamwagika kwenye mkojo, palepale mpimaji anapoitafuta. Kwa anayetegemea sindano ya insulini, siku moja au mbili bila sindano zinatosha kumfikisha kwenye kutapika, kuhema kwa nguvu na kupoteza fahamu.

Kifafa ndicho kinachoninyima usingizi. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege hurudi kwa kishindo na linaweza kuunganika, moja halijaisha jingine limeanza. Degedege likipita dakika 5 bila kukoma ni dharura ya kufa na kupona. Hakuna ajira ya kulipia hilo.

Lakini pumu yangu haionekani kwenye kipimo chochote. Nikinyamaza, nani atajua?

Mbio zitajua. Vumbi la kambi litajua, baridi ya asubuhi itajua, na mzigo mgongoni utajua, siku ambayo huna dawa ya kuvuta mfukoni kwa sababu uliificha nyumbani isikuumbue.

Vivyo hivyo kwa aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu. Wengi wao huishi miaka yote bila tatizo. Lakini mazoezi ya kupita kiasi, kwenye joto na bila maji ya kutosha, yanaweza kuvunja misuli yao, sumu ya misuli hiyo ikaziba figo, na kijana akafa. Mkufunzi anayejua hali yako atakupandisha mazoezi polepole na kukuruhusu kupumzika na kunywa maji. Asiyejua ataona kuruta mvivu anayejilegeza, naye atakuhimiza uongeze kasi. Sasa niambie, umemficha nani?

Kuna na hili: majeshi mengi humfukuza aliyedanganya kwenye fomu ya afya, hata baada ya kula kiapo. Wewe sema ukweli, uache daktari aamue. Wapo wanaoahirishwa tu, wakatibiwa, wakarudi.

Presha yangu hupanda nikimwona tu mpimaji. Nimeze kidonge kimoja cha presha cha baba?

Usimeze. Dawa ya baba ilipimwa kwa mwili wa baba. Wewe mwenye presha ya kawaida inaweza kukushusha presha kupita kiasi, ukaanguka uwanjani kwenye mbio.

Hofu ya kupimwa ni ya kweli na ina tiba rahisi. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono umelazwa usawa wa moyo, na usizungumze. Ikiendelea kusoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, hiyo si hofu tena, hiyo ni presha. Anza matibabu mapema, si asubuhi ya usaili.

Uzito wangu hautoshi. Na rafiki yangu kazidi. Tufanyeje?

Wanaangalia uwiano: uzito kwa kilo, gawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye mita 1.70 na kilo 60 ana takriban 21, na kawaida ni kati ya 18.5 na 25.

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kienyeji mara nyingi huwa na dawa za jamii ya deksamethasoni: zinavimbisha uso, zinapandisha sukari na presha, zinadhoofisha misuli unayoihitaji. Kunywa lita nyingi za maji kwa mkupuo kabla ya mizani hushusha chumvi ya damu, na degedege linaweza kufuata. Na rafiki yako asimeze vidonge vya kukojoza, maana ataingia kwenye mbio akiwa amekauka. Uzito wa kweli hutaka miezi, kwa chakula na mazoezi.

Nilivuta bangi mwezi uliopita. Nitumie siki au jiki?

Usinywe jiki kamwe. Inaunguza koo na tumbo. Siki nayo haifuti kitu. Kwa mvutaji wa kila siku, bangi hubaki kwenye mkojo kwa wiki kadhaa, na kinachoiondoa ni kuacha kuvuta na kusubiri.

Nina ngiri, na kikohozi kidogo tu. Nisubiri matokeo kwanza?

Ngiri ikafanyiwe upasuaji miezi kabla, kidonda kipone. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kapime kifua kikuu sasa hivi, usisubiri picha ya jeshini ikuambie. Kinatibika, kwa kawaida kwa miezi 6, na ukinyamaza utawaambukiza wenzako wa bweni.

Mimi tayari nimeacha dawa tangu wiki iliyopita. Nifanyeje?

Nenda leo kwenye kliniki iliyokuandikia. Leo, kabla ya usaili. Beba pakiti zilizobaki, taja siku uliyomeza mara ya mwisho, na usijifidie kwa kumeza dozi mbili pamoja. Hatutakugombeza. Ukianza kutapika, kuhema kwa shida, kuchanganyikiwa au kuanguka, usipitie nyumbani, pitiliza moja kwa moja hospitali, na unayeandamana naye ajue jina la dawa uliyoiacha.