Je, joka la katuni linapiganishwa na kompyuta?

Ukikaa kwenye vibanda umiza vya Tanga, hutakosa kusikia kwamba joka na simba mwenye mabawa wanapopigana kwenye katuni, kompyuta ndiyo imechora yote. Mtu kabonyeza tu. Si ajabu watu kuamini hivyo, maana mapigano hayo yanakwenda mbio mno, lakini si kweli.

Kwa kawaida sekunde moja ya katuni hupitisha fremu 24, yaani picha moja moja zinazofuatana. Kwenye tamthilia nyingi za Kijapani za kuchorwa, mchoro mmoja hushikiliwa fremu mbili au tatu, hivyo sekunde hiyo hubeba michoro 12 au 8 tu. Mchoraji mmoja huchora mikao mikuu, tuseme taya likifunguka au kucha ikigusa shingo, na wengine hujaza ya katikati. Kompyuta husaidia rangi na kuunganisha. Hata joka la 3D, linaloundwa ndani ya kompyuta, hupangiwa mwendo na mtu.

Hakikisha mwenyewe: kwenye kompyuta, simamisha video ya YouTube, kisha bonyeza kitufe cha nukta, itasogea fremu moja moja. Pigo likitua, mara nyingi utakuta mmweko mweupe, au joka limeganda huku mistari ya nyuma yake ndiyo inayokimbia (ujanja ninaoupenda kuliko pambano lenyewe). Kwenye simu, punguza kasi hadi 0.25.