Maana ya ndoa ya kimorganatiki

Ndoa ya kimorganatiki ni ndoa halali kati ya mtu wa ukoo unaotawala na mwenzi wa daraja la chini, iliyofungwa kwa sharti kwamba mwenzi huyo na watoto watakaozaliwa hawatarithi cheo wala kiti cha enzi. Neno hili limetoka katika Kilatini cha Zama za Kati, nalo huhusishwa na zawadi ambayo mume wa Kijerumani alimpa mkewe asubuhi ya kuamkia harusi: mke aipokee hiyo, asitarajie zaidi. Iliitwa pia ndoa ya mkono wa kushoto, kwa kuwa bwana harusi alitoa mkono huo badala ya wa kulia.

Wako wanaomdhania mke wa namna hii kuwa hawara, na hilo ni kumdhulumu. Kanisa liliibariki ndoa, watoto walikuwa wa halali, na mume hakuweza kuoa mwingine maadamu mkewe yu hai. Kilichozuiwa ni urithi, kwa sababu koo nyingi za Ujerumani na Austria zilikuwa na kanuni zao za ndani zilizomtaka mrithi aoe katika koo zilizotawala au zilizowahi kutawala. Uingereza haikuwa na ndoa ya aina hii. Mfalme Edward VIII alipoipendekeza mwaka 1936 ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekwisha kutalikiwa, serikali ilikataa, naye akauacha ufalme.

Uzito wa sharti hili unaonekana vizuri zaidi kwa Franz Ferdinand, mrithi wa Austria-Hungaria, aliyempenda Sophie Chotek. Sophie alizaliwa katika ukoo wa kale wa makabaila wa Bohemia, eneo lililo sasa katika Ucheki, lakini kwa akina Habsburg, ukoo uliotawala Austria-Hungaria, ukabaila huo haukutosha. Tarehe 28 Juni 1900, katika kasri la Hofburg mjini Vienna, Franz Ferdinand aliapa mbele ya Kaisari Franz Joseph kwamba mkewe hatakuwa malkia na watoto wake hawatatawala. Siku tatu baadaye walifunga ndoa huko Reichstadt, Bohemia, na Kaisari hakuhudhuria. Sophie na watoto wake watatu walipewa jina la Hohenberg, na hata alipopandishwa kuwa dachesi mwaka 1909, katika hafla za ikulu aliendelea kutanguliwa na mabinti wadogo wa ukoo wa mumewe. Furaha yao ilikuwa mbali na Vienna, katika kasri la Konopiště, kusini mwa Prague, ambako waliishi kama familia nyingine yoyote yenye mapenzi.

Waliuawa pamoja Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, miaka 14 kamili tangu kiapo kile. Sophie hakustahili kuzikwa Vienna katika makaburi ya akina Habsburg chini ya kanisa la Wakapuchini, na mumewe, aliyelijua hilo mapema, alikuwa amekwisha kujengesha kaburi lao katika kasri lake la Artstetten, karibu na mto Danube, ambako wamelala bega kwa bega. Mwana wao mkubwa, Maximilian, alikuwa na umri wa miaka 11. Urithi wa dola ulimpita, ukaenda kwa Karl, mtoto wa ndugu wa baba yake.