Kupima presha mzee akiwa ameketi tu hakutoshi

Katika makazi ya wazee, wengi huamini kwamba presha ikisomeka 130/75 kila asubuhi, mzee yuko salama. Si lazima. Kipimo hicho huchukuliwa akiwa ameketi, ilhali hatari ya kuanguka huja anapoinuka.

Mlaze dakika 5, pima. Msimamishe, pima tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, presha yake inaporomoka akisimama. Akishikwa na kizunguzungu mkalishe papo hapo, usingoje dakika zitimie. Mkanda wa mashine ukiwa mdogo kwa mkono wake, au mkono ukining'inia, namba hupanda kwa uongo.

Andika pia saa ya kipimo, ya dawa na ya mlo. Bila hizo, daftari zima ni namba tupu. Ambaye presha humshuka baada ya kifungua kinywa asiogeshwe wakati huo. Presha ikishuka baada ya dawa ya kupunguza maji mwilini, daktari apelekewe vipimo vya siku kadhaa; mhudumu asikate dozi mwenyewe.

Na namba za saa ya mkononi inayohesabu hatua, nazo ziaminiwe? Kwa mzee anayesukuma fremu ya kutembelea, saa hiyo huhesabu pungufu, kwa kuwa mkono hautikisiki.